Kuishi katika Mtaa wa Mjini Unaotembeleka na Wenye Ujirani: Mwongozo Kamili

Wako watu wengi wanaotamani mambo mawili ambayo kwa kawaida huonekana kuwa hayapatani: fursa za jiji kubwa, yaani kazi, hospitali, shule za aina nyingi na usafiri wa umma, pamoja na maisha ya mji mdogo, ambamo mwenye duka anakujua kwa jina na jirani huingiwa na wasiwasi asipokuona kwa siku mbili. Mambo hayo hukutana katika mitaa ya aina fulani, na mitaa hiyo ipo katika majiji mengi kuliko inavyodhaniwa, ila haitambuliki kwa kusoma tangazo la nyumba wala kwa kuizunguka ndani ya gari. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitafuta, namna ya kuipima kabla ya kutia saini mkataba, na namna ya kuishi humo mpaka uwe mwenyeji.

Tenganisha mapema maswali mawili. Kutembeleka ni suala la umbali, njia na usalama: je, unaweza kufika kwa miguu unakohitaji kwenda kila siku bila kuhatarisha maisha? Ujirani ni suala la kurudiarudia: je, nyuso utakazokutana nazo leo ndizo utakazokutana nazo kesho? Katikati ya majiji mengi kuna sehemu ambako kila kitu kiko jirani na mlango wako, lakini wapitaji ni wageni wa siku moja na wapangaji hubadilika kila baada ya miezi michache. Kuna pia viunga vitulivu ambako majirani wanajuana vizuri lakini huwezi kununua hata sindano bila kuwasha gari. Unachotafuta ni mahali ambapo la kwanza linazaa la pili, kwa sababu watu wanaotembea kwenda kwenye shughuli zilezile, kwa njia zilezile na saa zilezile, hatimaye hujuana hata kama hawakukusudia.

Hatua ya kwanza: Orodhesha safari zako kabla ya kutazama nyumba

Kwa wiki mbili mfululizo, andika kila safari unayofanya kutoka nyumbani: ulikwenda wapi, kwa sababu gani, na mara ngapi. Watu wengi hushangaa wanapoona orodha hiyo, kwa sababu mahali tunapopafikiria sana wakati wa kutafuta nyumba, kama vile ukumbi wa burudani au nyumba ya rafiki wa zamani, huenda tunapafikia mara moja kwa mwezi tu, ilhali duka la mahitaji, shule, kituo cha basi na duka la dawa tunayafikia mara kadhaa kwa wiki bila kuyahesabu. Mtaa unaokufaa ni ule unaoziweka karibu safari za mara kwa mara. Za nadra zinaweza kubaki mbali.

Kisha geuza dakika kuwa mita. Mtu mzima mwenye afya hutembea takribani kilomita 5 kwa saa, ambazo ni kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 400 ni mwendo wa dakika tano na mita 800 ni mwendo wa dakika kumi. Kipimo cha mita 400 si cha kubuni tu: Clarence Perry, mpangaji wa Marekani, alipoeleza mwaka 1929 jinsi mtaa wa makazi unavyopaswa kupangwa, aliiweka shule katikati na kuacha robo maili, yaani takribani mita 400, kuwa umbali wa kuifikia. Mwaka 2016 Carlos Moreno, profesa anayefanya kazi Paris, alianza kueneza wazo la jiji la dakika 15, ambamo makazi, kazi, manunuzi, afya, elimu na mapumziko vyote hufikiwa kwa miguu au kwa baiskeli ndani ya robo saa. Mimi hupendekeza mahitaji ya kila siku yawe ndani ya dakika kumi na ya kila wiki ndani ya dakika 20, na kama unaishi na mtoto mdogo au mzee anayetembelea fimbo, gawanya umbali huo kwa mbili, kwa sababu mwendo wa nyumba hupimwa kwa yule anayetembea polepole kuliko wote.

Usichore duara kwenye ramani ukadhani umemaliza. Reli, mto, ukuta mrefu wa kiwanda au barabara kuu isiyo na kivuko vinaweza kuigeuza shule iliyo mita 300 kutoka dirishani kuwa safari ya zaidi ya kilomita moja. Fuata njia yenyewe, kona kwa kona, na uhesabu mita za mguu.

Hatua ya pili: Isome ramani ya mtaa

Ramani itakwambia mengi kabla hujatoa nauli. Tazama kwanza urefu wa vitalu, yaani umbali kati ya kona moja na inayofuata. Jane Jacobs, aliyeandika kwa kina kuhusu maisha ya mitaa katika miaka ya 1960, alitaja mambo manne ambayo mtaa hai huyahitaji: shughuli mchanganyiko, vitalu vifupi, majengo ya umri tofauti, na watu wa kutosha wanaoishi karibukaribu. Vitalu vifupi ndivyo vilivyo rahisi zaidi kuviona kwenye ramani. Katikati ya jiji la Portland, Marekani, kitalu kina urefu wa takribani mita 61. Katika eneo la Eixample, Barcelona, kina takribani mita 113. Na katika maeneo yaliyojengwa kwa ajili ya magari, unaweza kutembea nusu kilomita bila kupata mahali pa kukata kona. Kila kona ni nafasi ya duka dogo, ni mahali pa kukutana na mtu anayetoka upande mwingine, na ni njia mbadala siku unapochoshwa na ile ya kawaida.

Tazama pia kama mtaa una katikati yake, kwa maana ya uwanja mdogo, makutano yenye maduka, bustani au barabara moja fupi ambayo kila mtu huipitia. Mitaa yenye hisia ya mji mdogo karibu yote ina mahali pa namna hiyo, na pia ina mipaka inayoeleweka, kiasi kwamba mkazi anaweza kukuonyesha kwa kidole mtaa unapoanzia na unapoishia.

Zipo tovuti zinazotoa alama za kutembeleka. Walk Score, iliyoanzishwa mwaka 2007, hutoa alama kutoka 0 hadi 100 kwa kuangalia zaidi umbali wa huduma. Zitumie kuchuja, usizitumie kuamua, kwa sababu alama haijui kwamba njia ya waenda kwa miguu imechimbika, kwamba taa za barabarani haziwaki, au kwamba duka lililo karibu nawe ni la aina ambayo hutaingia kamwe.

Hatua ya tatu: Utembee mtaa huo mara tano

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, na ndipo watu wengi wanapofanya haraka. Nilipohama kwa mara ya kwanza kwenda mtaa wa aina hii, niliukagua Jumapili alasiri, saa kumi, jua likiwa limepoa na watoto wakiwa wanachora kwa chaki kwenye lami. Nilitia saini jioni hiyohiyo. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri niliamshwa na malori, kwa kuwa barabara ile ilikuwa njia ya mkato ya kwenda kwenye maghala, na dalali wala mwenye nyumba hakuona sababu ya kunieleza. Tangu hapo sikubali nyumba kabla ya kufika mtaani mara tano: asubuhi ya siku ya kazi kati ya saa moja na saa mbili, wakati watoto wanapotoka shule, usiku wa saa tatu au saa nne, siku ya mapumziko, na siku ya mvua.

Safari ya asubuhi ni ya kuhesabu magari. Simama mahali pamoja kwa dakika kumi na uhesabu kila gari linalopita pande zote mbili. Mwaka 1972 Donald Appleyard na mwenzake Mark Lintell walichapisha utafiti wao wa barabara tatu za San Francisco zilizofanana kwa mambo mengi ila wingi wa magari: moja ilipitiwa na magari takribani 2,000 kwa siku, ya pili 8,000 na ya tatu 16,000. Wakazi wa barabara tulivu walikuwa na wastani wa marafiki 3 na watu wanaojuana nao zaidi ya 6 kwenye barabara yao wenyewe. Wale wa barabara yenye magari mengi hawakufikia rafiki mmoja kwa wastani, na watu wa kujuana nao walikuwa takribani 3. Watafiti hao waliwaomba pia wakazi wachore kwenye ramani eneo wanalolihesabu kuwa nyumbani. Kwenye barabara tulivu watu walichora barabara nzima. Kwenye ile yenye msongamano walichora jengo lao tu, au hata chumba chao tu. Sijui ushahidi mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba ujirani si tabia ya watu pekee, bali pia ni tabia ya barabara wanayoishi.

Ili utumie vipimo hivyo, kumbuka kwamba saa yenye magari mengi zaidi hubeba takribani sehemu moja ya kumi ya magari ya siku nzima. Kwa hiyo ukihesabu magari 30 hadi 35 ndani ya dakika kumi za asubuhi, upo karibu na barabara ile ya magari 2,000. Ukihesabu zaidi ya 200, upo karibu na ile ya 16,000, na unapaswa kuitafuta nyumba kwenye barabara ya pili au ya tatu kutoka hapo. Mara nyingi mita 100 tu hubadilisha kila kitu: chagua barabara ya pembeni iliyo karibu na barabara ya maduka, si barabara ya maduka yenyewe.

Angalia na mwendo wa magari hayo. Nguvu ya kishindo cha gari hukua kwa mraba wa mwendo wake, hivyo gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hubeba nguvu karibu mara tatu ya lile linalokwenda kilomita 30. Ndiyo maana Tamko la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu huchanganyika. Kibao cha mwendo hakitoshi. Barabara iliyo nyembamba, yenye miti, matuta na kona za kukunja sana ndiyo inayompunguza dereva mwendo, hata dereva asiyesoma vibao.

Wakati wa kutoka shule, tazama watoto. Je, wapo wanaorudi nyumbani bila mtu mzima, wenye umri wa miaka minane au tisa, na wanavuka barabara bila kukimbia? Je, kuna wazee waliotoka peke yao na wakapata mahali pa kuketi njiani? Hakuna kipimo cha usalama ninachokiamini kuliko hiki, kwa sababu mzazi anayemwachia mwanawe aende dukani peke yake ameshaupima mtaa kwa miaka, na anajua ni madirisha yapi yatakayomwangalia njiani.

Usiku, tembea kutoka kituo cha basi au treni hadi mlango wa nyumba unayoifikiria, kwa njia utakayopita kweli. Usiangalie taa tu. Angalia kama ghorofa ya chini ina madirisha na milango, au ni ukuta mtupu na mageti ya karakana. Jan Gehl, msanifu majengo wa Denmark aliyetumia maisha yake kuchunguza watu wanavyotembea mijini, anasema barabara inayovutia huwa na milango 15 hadi 20 katika kila mita 100, kiasi kwamba mtembeaji hupata kitu kipya cha kutazama kila baada ya sekunde nne au tano. Ukuta mtupu wa mita 80 huchosha mchana na hutisha usiku.

Siku ya mapumziko, keti mahali pa wazi kwa nusu saa na uhesabu salamu. Simaanishi mazungumzo, ila salamu: kichwa kilichoinamishwa, mkono uliopungwa, jina lililoitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiona chache mno, uliza nafsi yako kama wanaopita ni wakazi au ni watalii. Tazama na vitu vidogo vinavyoachwa hadharani. Katika mtaa mmoja niliokuja kuupenda, niliona kiatu kimoja cha mtoto kimetundikwa kwenye ncha ya uzio, si juu kabisa, bali usawa wa macho ya mtu anayesukuma kigari cha mtoto. Mtu alikuwa amekiokota, akakifuta tope, akafikiri ni nani atakayekitafuta na atakuwa anaangalia wapi. Nilipita tena siku ya tatu, na kiatu hakikuwapo. Pengine mtoto alikipata na pengine hakukipata, lakini yule aliyekitundika aliishi mahali ambapo aliamini kwamba mwenyewe atapita.

Mvua itakuonyesha maji yanakotuama na vivuko visivyopitika, na safari hiyo haihitaji zaidi ya dakika 20.

Hatua ya nne: Chagua nyumba kwa kuangalia inavyokutana na barabara

Katika mitaa ya namna hii nyumba huwa ndogo, na anayehamia kutoka kiungani hana budi kukubali kwamba sehemu ya sebule yake sasa iko nje, bustanini na kwenye benchi la kona. Kabla hujahama, punguza vitu. Usilipie chumba cha kuhifadhi samani usizozitumia.

Zingatia ghorofa. Gehl huyo huyo ameeleza kwamba uhusiano kati ya jengo na barabara hudumu hadi ghorofa ya tano hivi, kisha hukatika: kutoka hapo juu huwezi tena kutambua uso wala kuita mtu. Anayetaka ujirani achague ghorofa za chini, ikiwezekana iwe na roshani au dirisha linalotazama barabarani, na nafasi ndogo kati ya mlango na njia ya wapitaji, hata kama ni ngazi mbili tu za kuketi. Nafasi hiyo ina thamani kubwa, kwa maana mtu aliyeketi ngazini kwake yuko nyumbani na yuko mtaani kwa wakati mmoja, anaweza kuzungumza na anaweza kuingia ndani wakati wowote bila kumkosea mtu adabu.

Kelele ni upande wa pili wa sarafu hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa kanda ya Ulaya, uliotolewa mwaka 2018, unapendekeza kelele za magari zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima na desibeli 45 usiku. Programu za simu zitakupa makadirio ya kutosha. Fungua dirisha la chumba cha kulala na upime, kisha lifunge na upime tena. Muulize jirani wa ghorofa ya chini, si dalali, ni saa ngapi taka huzolewa, ni saa ngapi magari ya mizigo hushusha bidhaa dukani, na biashara iliyo chini ya jengo hufungwa lini. Jirani huyo atakwambia ukweli, na tayari utakuwa umefahamiana na mtu mmoja.

Unapohesabu gharama, jumlisha kodi ya nyumba pamoja na usafiri. Kodi ya mtaa unaotembeleka mara nyingi iko juu, na watu huiogopa bila kuondoa kwenye hesabu gari, mafuta, bima, matengenezo na maegesho. Wakati mwingine hesabu hiyo huupendelea mtaa, na wakati mwingine haiupendelei hata kidogo; ifanye kwa takwimu zako mwenyewe.

Hatua ya tano: Jifunze upya shughuli za kila siku

Kama una gari, usiliuze wiki ya kwanza. Liegeshe kwa mwezi mmoja na uandike kila siku ulipolihitaji kweli. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua. Nunua kidogo kidogo na mara nyingi badala ya kujaza gari mara moja kwa wiki, tafuta mkoba wa kubeba mgongoni au kigari cha magurudumu mawili, na utumie fedha ya kutosha kwenye viatu na mwavuli, kwa kuwa hivyo sasa ndivyo chombo chako cha usafiri. Ongeza dakika kumi kwenye kila safari yako. Si kwa ajili ya umbali, bali kwa ajili ya watu, maana anayetembea mbiombio kila siku hukaa mtaani miaka kumi bila kujulikana.

Hatua ya sita: Kuwa mtu wa mtaa

Wageni wengi husubiri kukaribishwa, kisha husema mtaa ni wa watu baridi. Ukweli ni kwamba wenyeji wamekuona, ila hawajui kama utakaa. Kazi yako ya miezi ya mwanzo ni kuonekana mara kwa mara, mahali pamoja, saa ileile. Chagua sehemu tatu: duka moja, mahali pamoja pa kuketi, na shughuli moja ya kila wiki, iwe bustani ya pamoja, kwaya, mazoezi, maktaba au usafi wa mtaa. Nenda humo kwa utaratibu usiobadilika. Ray Oldenburg, mwanasosholojia wa Marekani, aliita sehemu za namna hii mahali pa tatu, baada ya nyumba na kazi, na sifa yake kuu ni kwamba unaingia bila miadi ukijua utamkuta mtu.

Nguvu ya ukaribu ilionekana wazi katika utafiti wa Leon Festinger na wenzake, uliochapishwa mwaka 1950, kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo kikuu cha MIT, Marekani. Urafiki ulifuata milango na ngazi: watu walifanya urafiki zaidi na wa mlango wa pili kuliko wa mlango wa nne, na waliokaa chini karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu, kwa sababu tu kila mtu wa juu alipita mbele yao. Huwezi kuihamisha ngazi, lakini unaweza kuchagua mahali unapoketi, unapomwagilia maua na unapotengenezea baiskeli. Fanya kazi hizo upande wa mbele wa nyumba.

Salimia wewe kwanza, na ulijue jina. Mimi huweka daftari dogo, na nikirudi nyumbani huandika: yule wa duka la kona, mwanawe anaanza shule, mama wa ghorofa ya pili, goti linamsumbua. Wako watakaoona kwamba hiyo ni kutumia mbinu, lakini mimi naona ni heshima, kwa sababu kumuuliza mtu hali ya goti lake baada ya wiki mbili ni kumwonyesha kwamba alisikilizwa.

Omba msaada mdogo kabla ya kutoa mkubwa. Azima ngazi, uliza fundi mzuri yuko wapi, omba jirani akupokelee kifurushi. Anayeazima hutoa ruhusa ya kuazimwa, na mlango hufunguka pande zote mbili. Rudisha kitu siku uliyoahidi, kikiwa kisafi kuliko ulivyokichukua.

Uwe na subira ya hesabu. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba huchukua takribani saa 50 za kuwa pamoja ili mtu wa kujuana naye tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili awe rafiki wa karibu. Kwa mazungumzo ya dakika kumi mara tatu kwa wiki, saa 50 huchukua karibu miaka miwili. Usikate tamaa mwezi wa tatu. Na usidharau wale wasiofikia urafiki: Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu tunaojuana nao kijuujuu ndio mara nyingi wanaotuletea habari za kazi na fursa ambazo marafiki wa karibu hawana, kwa sababu wao wanaishi katika miduara mingine. Mtaa unaotembeleka umejaa watu wa aina hiyo.

Hatua ya saba: Linda faragha yako na ya wenzako

Mahali ambapo watu wanajuana, habari husafiri. Amua mapema ni mambo gani ya nyumbani kwako yatakayojulikana, uyaseme wazi, na mengine uyanyamazie kwa upole. Ukisikia habari za mtu dukani, ziache dukani. Ukiwa na malalamiko, tuseme muziki wa usiku, nenda mwenyewe, mchana, siku ambayo hakuna kelele, useme tatizo na saa zake bila kuhukumu tabia ya mtu; barua iliyotumwa kwa mwenye nyumba kabla ya mazungumzo huvunja kitu ambacho hakirudi upesi.

Kuna jambo zito zaidi. Ujirani wenye nguvu unaweza kuwa ukuta kwa wasiofanana na walio wengi. Ikiwa umeshakuwa mwenyeji, mtazame anayehamia leo, na uwe mtu wa kwanza kulijua jina lake.

Hatua ya nane: Shiriki kuutunza mtaa

Duka dogo linaishi kwa mauzo, si kwa sifa. Amua ni mahitaji yapi utayanunua mtaani hata kama yako nafuu kidogo kwingine, kwa sababu likifungwa duka, safari yako ya miguu imeondoka na nyuso ulizozizoea zimeondoka nalo.

Ukitaka barabara ipunguzwe mwendo, usipeleke malalamiko ya jumla. Peleka hesabu za magari za siku tatu, picha za kivuko kwa saa maalumu, na ombi moja linalotekelezeka, na mwende mkiwa watu kadhaa wa nyumba tofauti. Mifano ya kuonyesha ipo. Mji wa Delft, Uholanzi, ndiko zilikoanzia barabara za makazi ambamo watoto na waenda kwa miguu wanatumia upana wote wa barabara na magari huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mwaka 1976 zikatambuliwa na sheria ya nchi. Barcelona ilianza mwaka 2016, katika eneo la Poblenou, kuunganisha vitalu tisa kwa pamoja, ikazuia magari ya kupita ndani yake na kuyageuza makutano kuwa viwanja. Mabadiliko ya mwanzo huko yalifanywa kwa rangi, viti na miti ya vyungu, vitu vinavyoweza kujaribiwa na kuondolewa visipofaa, na ombi la jaribio la miezi mitatu hupata jibu zuri kuliko ombi la ujenzi.

Mtaa ukipendwa, kodi hupanda, na waliouumba huanza kuondoka. Kama unapanga, tafuta mkataba mrefu kadiri uwezavyo na ujiunge na chama cha wapangaji kabla ya kukihitaji. Kama unamiliki, kumbuka kwamba mpangaji anayekaa miaka mingi ni sehemu ya kile ulichokinunua.

Mwaka mmoja baada ya kuhamia, chukua ramani ya mtaa na kalamu, ufanye kama walivyoombwa wale wakazi wa San Francisco: chora mstari kuzunguka eneo unalolihesabu kuwa nyumbani. Andika tarehe, uihifadhi karatasi hiyo. Rudia mwaka unaofuata, bila kuitazama ya kwanza mpaka umemaliza. Mstari ukiwa umetoka mlangoni na kufika kona ya duka, endelea hivyo hivyo. Ukiwa umebaki ukutani kwako, rudi kwenye hatua ya sita, na ubadilishe saa unazotoka.